Kasi ya maji ndiyo siri ya kupoza mitambo

BAADHI ya wahudumu wa mitambo huamini kuwa maji yakipita upesi katika kipozaji hukosa muda wa kubeba joto. Hivyo basi hufunga vali nusu. Kosa hilo laweza kuyafanya mafuta ya injini kupata moto kupita kiasi na kuharibu mtambo.

Kipozaji cha ganda na mirija ni pipa refu la chuma lenye mirija mingi ndani yake. Aghalabu maji hupita ndani ya mirija, nayo mafuta yenye moto huizunguka ndani ya ganda. Joto hupenya ukuta wa mirija bila viowevu hivyo kuchanganyika.

Kweli, maji yaendayo polepole hutoka yakiwa na moto zaidi, na hapo ndipo watu hupotoka. Joto linaloondolewa hutegemea pia wingi wa maji. Maji mengi yenye uvuguvugu hubeba joto jingi kuliko maji machache yaliyopata moto sana.

Isitoshe, kwenye ukuta wa mrija hujishika utando mwembamba wa maji yasiyosogea vyema, nao huzuia joto. Kasi ikiongezeka, maji husukasuka na utando hupungua. Mwaka wa 1883, Osborne Reynolds alidhihirisha mjini Manchester, kwa kutia rangi katika mrija wa kioo, jinsi mtiririko mtulivu unavyogeuka kuwa wa msukosuko.

Katika mtiririko wa msukosuko, kasi ikiongezwa maradufu, uwezo wa maji kupokea joto kutoka ukutani hupanda kwa takriban asilimia 74. Hata hivyo, nguvu inayohitajika kuendesha pampu hupanda karibu mara saba, na gharama ya umeme nayo hupanda.

Faida hiyo huwa ndogo iwapo kizuizi kikuu ni mafuta yaliyo upande wa ganda. Ndiyo maana ganda huwekewa vibao vya kuyalazimisha mafuta kuikatiza mirija.

Kwa kawaida wahandisi huchagua kasi ya maji ya kati ya mita 1 na 2.5 kwa sekunde. Ikipungua, matope hutuama. Ikizidi, hasa kwa maji ya bahari, mirija ya shaba hulika.

Kwa hivyo, kipozaji kikidhoofika, ni bora kwanza kusafisha mirija na kufungua vali kabla ya kununua pampu kubwa.