Kalamu Iliyopindua Mji

Ndugu msomaji, tumezoea kuambiwa kwamba kalamu ina nguvu kuliko upanga. Sawa, sikatai. Lakini kalamu yenyewe kashika nani? Twende Marekani, jimbo la North Carolina, mwaka 1898, tukaone kalamu ikiwaandalia njia watu wenye bunduki.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliisha mwaka 1865, watumwa wakawa huru, na baadaye wanaume weusi wakapata kura. Hata hivyo chama cha Democratic, ambacho enzi hizo kilikuwa chama cha mabwana wa Kusini, kilirudi kutawala jimbo hilo. Halafu bei ya pamba ikaanguka. Wakulima wazungu waliolemewa na madeni wakakihama, wakaingia chama cha Populist. Mwaka 1894 wakashirikiana na Republican, chama kilichopigiwa kura na weusi wengi, wakalitwaa bunge la jimbo. Mwaka 1896 Daniel Russell wa Republican akawa gavana. Mzungu maskini na mtu mweusi kuwa upande mmoja! Wakubwa hawakupata usingizi.

Uchaguzi wa bunge la jimbo ulipangwa Novemba 1898. Mwenyekiti wa Democratic, Furnifold Simmons, hakutaka wazungu maskini wafikirie madeni yao. Alitaka wafikirie rangi tu. Kwa kazi hiyo alikuwa naye Josephus Daniels, mhariri wa gazeti la News and Observer mjini Raleigh. Kila siku habari za kutisha juu ya weusi, nyingine zimetiwa chumvi, nyingine uongo mtupu. Kwa wasiojua kusoma zikawepo katuni. Moja ilichora popo mkubwa mwenye sura ya mtu mweusi, kucha zake zimewakamata wazungu.

Sasa njoo Wilmington, bandari na mji mkubwa kuliko yote jimboni wakati huo. Weusi walikuwa wengi kuliko wazungu, na miongoni mwao walikuwepo mafundi, polisi na madiwani. Alikuwepo pia Alexander Manly, kijana mhariri wa gazeti la weusi, Daily Record. Bibi mmoja wa Georgia, Rebecca Felton, alikuwa ametoa hotuba akitaka wanaume weusi wanyongwe, hata elfu kwa wiki, ili kuwalinda wanawake wa kizungu. Agosti 1898 Manly akamjibu. Alisema mengine yanayoitwa ubakaji ni mapenzi ya hiari, na kwamba wanaume wa kizungu nao wamewaharibu wanawake weusi miaka na miaka.

Lo! Magazeti ya Democratic yaliichapa tahariri hiyo tena na tena mpaka siku ya kura. Wakati huohuo wapanda farasi waliovaa mashati mekundu walizunguka na bunduki wakitisha watu. Tarehe 8 Novemba weusi wengi walibaki majumbani, na kura zikaibwa. Hata gavana Russell, akirudi kwa treni baada ya kupiga kura, ilibidi ajifiche kwenye behewa la mizigo asikamatwe na wale jamaa. Democratic wakalichukua bunge.

Ungedhani basi yameisha. Wapi! Serikali ya mji wa Wilmington haikuwa kwenye uchaguzi ule, kwa hiyo ilibaki palepale. Tarehe 10 Novemba, Alfred Waddell, mbunge wa zamani, akaongoza kundi kubwa lenye silaha wakaenda kuvunja na kuchoma ofisi ya Daily Record. Manly alikuwa keshatoroka. Kisha risasi zikaanza mitaani. Akina mama na watoto wakakimbilia kwenye mabwawa na makaburini. Waliouawa hawajulikani idadi: wapo wanaosema 14, wapo wanaosema zaidi ya 60. Siku hiyohiyo meya na madiwani wakalazimishwa kujiuzulu, na Waddell akakalia kiti cha meya.

Mwaka 1900 katiba ya jimbo ikabadilishwa: mpiga kura awe anajua kusoma na kuandika. Na mzungu asiyejua? Aliachiwa mlango: kama yeye au babu yake alikuwa na haki ya kura kabla ya 1867, apite. Weusi wakafungiwa nje. George White, mbunge mweusi wa jimbo hilo huko Washington, aliondoka mwaka 1901, na hakuingia mweusi mwingine katika bunge la taifa mpaka 1929.

Lakini kinachonigusa zaidi ni neno moja: ghasia. Kwa karibu miaka 100 tukio hilo liliitwa ghasia, kana kwamba pande mbili zilipandisha hasira zikapigana. Charles Chesnutt, mwandishi mweusi, alikataa. Mwaka 1901 alitoa riwaya yake, The Marrow of Tradition, ambamo mhariri wa gazeti ni mmoja wa wapanga njama. Haikuuzika vizuri. Ndipo mwaka 2006 tume ya jimbo lenyewe ikatoa ripoti: yalikuwa mapinduzi yaliyopangwa. Mwaka huohuo News and Observer nalo likaomba radhi.

Vijana wenzangu tunaojifunza kuandika, tumtazame Chesnutt. Wauaji walikuwa na magazeti, bunge na bunduki. Yeye alikuwa na daftari. Hakusubiri tume. Aliandika mapema, damu ingali mbichi, na alipokosa wanunuzi hakuufuta ukweli aliokwisha kuuandika.