Boti Isiyoacha Wimbi

Ukiniuliza Mto Tana unafaa boti gani, nitakujibu kwa historia. Uhandisi sikusomea, na chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili. Lakini ukikaa Garsen unajifunza kwamba kila chombo cha majini ni jibu la swali fulani, na maji ndiyo yanayouliza.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1922, kijana wa miaka 18 aitwaye Ralph Samuelson alichukua mbao mbili, akachemsha ncha zake ili zipinde, kisha akavutwa na boti juu ya Ziwa Pepin, Minnesota, Marekani. Mchezo wa kuteleza majini ukaanza hivyo. Mwanzoni boti yoyote yenye nguvu ilitosha. Mashindano yalipokua, tatizo likajitokeza: boti inayokuvuta ndiyo hiyo hiyo inayokuachia mawimbi, na mawimbi yanakuangusha.

Basi mafundi wakaibadili boti yenyewe. Badala ya kuning'iniza injini tezini, wakaiweka ndani, katikati. Mhimili wa chuma ukashuka kupitia sakafu hadi kwenye rafadha iliyofichwa chini ya boti. Nguzo ya kufungia kamba nayo ikasogezwa karibu na katikati, ili mtelezaji akivuta upande, tezi isiyumbe. Mwaka 1961 Correct Craft ya Florida ikatoa Ski Nautique. Mwaka 1968 Rob Shirley akaanzisha MasterCraft kule Tennessee. Leo mwanamume kwenye slalomu huvutwa kwa kilomita 58 kwa saa, akizunguka maboya 6 kwenye njia ya mita 259. Boti hizo zina mbio, ndiyo, lakini zinasifiwa zaidi kwa kupita bila kuacha wimbi kubwa.

Sasa turudi Tana. Mto mrefu kuliko yote Kenya, karibu kilomita 1,000, wenye tope, kona kibao, mafungu ya mchanga yanayohama, viboko na mamba. Wapokomo walishaujibu zamani: mtumbwi wa gogo moja, mwembamba, unaosukumwa kwa upondo au kafi, unaopita palipo na maji ya magotini.

Mwaka 1891 Waingereza wakaja na jibu lao. Kampuni yao ya Afrika Mashariki ilikuwa na meli ya mvuke, Kenia, yenye gurudumu kubwa tezini, aina inayoweza kwenda kwenye maji haba. Nahodha Dundas wa jeshi la wanamaji akaipandisha Tana kuelekea bara, na mwaka uliofuata akaipeleka Mto Juba. Matumaini yalikuwa mto ugeuke barabara ya biashara. Wapi! Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikachukua eneo kutoka kwa kampuni, 1896 reli ikaanza kujengwa Mombasa, na Tana ukabaki na mitumbwi yake.

Hapa Garsen, kabla ya daraja, magari yalivuka kwa kivuko kilichovutwa kwa mikono. Fikiria: kule Minnesota boti ilimvuta mtu kwa raha yake, huku watu walivuta chombo ili basi lifike Lamu. Kamba ni kamba, tofauti ni nani anatoka jasho.

Siwaonei wivu wanamichezo. Ski Nautique ukiileta hapa, rafadha yake itakula mchanga kabla hujafika kona ya pili. Ninachokitamani ni ule umakini. Miaka na pesa zilitumika kumlinda mtu mmoja, aliyevaa jaketi la kuokolea, asiguswe na wimbi. Wakati wa mafuriko hapa kwetu, mtumbwi uliojaa mama, watoto na gunia la mahindi, ukingo wake vidole vichache tu juu ya maji, unapishana na boti ya injini iliyobuniwa kwa maji mengine kabisa.

Tarehe 28 Aprili 2024, barabara kati ya Garissa na Madogo ikiwa chini ya maji, boti iliyobeba abiria ilipinduka Kona Punda. Watu walikufa. Waliokuwa ndani walikuwa wanavuka tu, kama ambavyo wangepanda matatu siku nyingine.

Kwa hiyo swali bado liko mezani. Boti ya Tana lazima ielee kwenye maji haba, rafadha yake iinuke ikigusa mchanga, ibebe watu na mizigo bila kuyumba, na isimwagie mwenye mtumbwi maji. Haihitaji kwenda kilomita 58 kwa saa. Mafundi wa majahazi wapo Matondoni, Lamu, si mbali na hapa. Vijana wanaosomea uhandisi wapo pia, na wengine wanasoma gazeti hili. Mkiichora, nileteeni niione. Nitaipanda wa kwanza, na kuogelea sijui.