Nauru: Kisiwa kilichoomoka na mavi ya ndege, kisha kikasota

Wasee, huko Pasifiki kuna nchi ya kilomita za mraba 21 pekee. Nauru. Watu ni kama 12,000, mji mkuu rasmi hakuna, na ukiwa na boda unaizunguka yote chini ya saa moja.

Chapaa ilitoka kwa fosfeti, mawe ya kutengeneza mbolea ambayo wengi husema yalitokana na mavi ya ndege wa baharini. Wakoloni walichimba kwanza. Uhuru ulipokuja 1968, wenyewe wakashika mgodi na doo ikamwagika: jumba la ghorofa 52 Melbourne, shirika la ndege, hadi wakadhamini mchezo wa jukwaani London 1993 kuhusu Leonardo da Vinci. Hiyo nayo!

Fosfeti ikakauka. Jumba likauzwa 2004, na 2005 ndege ya mwisho ikabebwa juu ya deni. Katikati ya kisiwa kumebaki miamba imechongoka kama meno, huwezi panda hata sukuma. Watu wamebanana ufuoni.

Sherehe yao kubwa ni Angam, Oktoba 26. Mwaka 1932 alizaliwa mtoto aliyewafikisha 1,500, idadi waliyoambiwa wanahitaji ndio wasipotee duniani. Vita Kuu ya Pili ikawashusha tena. Walirudi hapo 1949.