Usilaumu Programu Kabla ya Kupima RAM

Najua nimepotea hapa kwa wiki mbili. Aliyenipoteza ni kipande kimoja cha RAM.

Nilinunua GB 8 za kuongezea kwenye kompyuta yangu ya kazi. Siku ya kwanza, shwari. Ya pili, skrini ya bluu. Ya tatu, kivinjari kinajifunga chenyewe na kompaila inakufa katikati ya kazi, kila mara mahali tofauti. Nikakesha nikisaka kosa kwenye msimbo wangu mwenyewe. Kumbe wakati huo hifadhidata ya mteja ilikuwa ikiharibika, pamoja na nakala zake, kwa sababu kila kitu kilipitia RAM ileile.

Tatizo hili lina historia ndefu, na laiti ningeikumbuka mapema.

RAM tunayotumia ilitokana na wazo la Robert Dennard wa IBM, aliyepewa hataza mwaka 1968. Kila biti huwekwa kama chaji ndogo ya umeme, na chaji hiyo huvuja. Ni kama debe lenye tundu: lazima uendelee kulijaza, la sivyo likauka. Kompyuta hufanya hivyo mara nyingi kila sekunde. Debe moja likivuja kuliko mengine, 1 inakuwa 0, na programu haina habari.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 wahandisi wa Intel walikuta biti zikigeuka katika chipu zisizo na kasoro. Timothy May na Murray Woods walieleza sababu mwaka 1978: chembe za alfa. Zilitoka kwenye urani na thoriamu, kiasi kidogo mno, kilichokuwamo katika malighafi ya vifuniko vya chipu zenyewe! Kosa la namna hiyo huitwa kosa laini: linatokea, linapita, chipu inabaki nzima. Kosa gumu ni tofauti, chipu yenyewe ni mbovu na itakosea tena.

IBM PC ya 1981 ilikuwa na ulinzi wake. Kila biti 8 ziliwekewa ya 9 ya kukagua hesabu. Hesabu isipolingana, mashine inasimama na kukuambia. Hata mbinu ya kusahihisha kosa ilikuwepo, Richard Hamming wa Bell Labs aliichapisha mwaka 1950. Lakini katika miaka ya 1990 watengenezaji wa kompyuta za bei nafuu waliiacha ile biti ya 9 ili kupunguza gharama. Ulinzi ukabaki hasa kwenye seva. Kompyuta zetu za nyumbani zikanyamaza. RAM ikikosea, lawama inaangukia Windows, au programu, au wewe.

Watumiaji wa Linux wa miaka hiyo ndio waliotufundisha kutambua. Walipokuwa wakikompaili kerneli, kazi ilikatika kwa ujumbe wa "signal 11". Rogier Wolff aliandika maelezo yaliyosomwa sana: rudia kazi ileile. Ikikatika palepale kila mara, shuku programu. Ikikatika mahali tofauti kila mara, shuku mashine, hasa RAM. Mwaka 1994 Chris Brady akatoa Memtest86, inayowaka yenyewe bila mfumo endeshi ili iweze kupima karibu RAM yote. Huandika mpangilio mmoja baada ya mwingine na kuusoma tena, maana biti nyingine hukosea pale tu majirani zake wanapobadilika.

Msidhani ni shida ya wanyonge. Utafiti wa mwaka 2009 kwenye seva za Google ulikuta zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM vilipata kosa ndani ya mwaka, na dalili zilielekea kwenye makosa magumu kuliko laini. Mwaka 2022 Linus Torvalds mwenyewe alicheleweshwa kazi na RAM mbovu.

Basi nikaiacha Memtest ikesha. Asubuhi, mistari myekundu, anwani zilezile. Nikazima, nikachomoa vyote, nikapima kimoja kimoja, kisha nikabadilisha nafasi. Kanuni ni hii: kosa likihama na kipande, kipande ni kibovu, likibaki kwenye nafasi, angalia nafasi. Langu lilihama na kile kipya. Duka likanibadilishia.

Data haikubadilishiwa. Nilirudisha nakala iliyotangulia siku ile ya kuongeza RAM, na rekodi za siku nne tukazijaza upya kwa mkono, mimi na mteja, kutoka kwenye risiti za karatasi.

Ukiongeza RAM, ipime usiku wa kwanza kabla ya kuikabidhi kazi. Na nakala ya data uliyoitoa kabla ya kufungua mashine, usiifute upesi.

Haya, tuonane tena.