Mto Uliochimba Lango la Jehanamu

Baiskeli hukodishwa kando ya barabara ya Ziwa Naivasha, na mgeni akishalipita Lango la Elsa huzipiga pedali katikati ya pundamilia, swala na ngiri. Hell's Gate, kilomita 90 hivi kaskazini-magharibi mwa Nairobi, ni miongoni mwa mbuga chache za Kenya ambako mtu huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli badala ya kujifungia garini. Majabali mekundu humsindikiza kulia na kushoto. Kwa jina hilo la Lango la Jehanamu, wengi huja wakitarajia moto. Moto upo, tena si mbali chini ya nyayo zao, ila aliyelifungua lango lenyewe ni maji.

Miaka elfu tisa hivi iliyopita, Afrika Mashariki ilikuwa na mvua nyingi kuliko leo. Ziwa Naivasha lilijaa hadi likapita kina chake cha sasa kwa zaidi ya mita 100, likafurika upande wa kusini. Mto ukazaliwa. Ukaparua majivu ya volkano yaliyogandamana, ukakata lava iliyopoa, ukateremka kuelekea sakafu ya kusini ya Bonde la Ufa. Hivyo ndivyo lilivyochimbwa korongo la Ol Njorowa, ambalo mahali pengine huwalazimisha watembezi kufuatana mmojammoja. Tabaka za kuta zake ni za majivu na mawe yaliyotemwa na volkano za jirani, zikiwemo Longonot na Olkaria. Mvua zilipopungua, ziwa likashuka na mto ukakatika.

Si kila jiwe liliyakubali maji. Karibu na lango la mbuga imesimama nguzo yenye urefu wa mita 25 hivi: lava iliyoganda kwenye koo la volkano, ikabaki wima baada ya udongo na mawe laini ya kandokando kumomonyoka. Wamasai husimulia kuwa ni binti aliyekuwa safarini kwenda kuolewa, akakatazwa kugeuka nyuma, akageuka. Ramani, hata hivyo, humwita Fischer.

Huyo ni Gustav Fischer, daktari wa Kijerumani aliyewahi kuishi Zanzibar. Mwaka 1883 alifika Naivasha akitokea Pangani, na wapiganaji wa Kimasai wakamzuia asiendelee mbele. Mwaka huohuo akapita Mskoti Joseph Thomson, na jina la Hell's Gate huhusishwa na safari za hao wawili. Lakini Thomson hakuwa peke yake: aliongozana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Pangani, ambaye njia za Umasaini alikuwa akizijua kabla yake. Kimameta hakuachiwa nguzo.

Nao wote walikuwa wageni wa jana. Katika eneo la Naivasha hupatikana obsidiani, kioo cheusi kinachotokea lava inapopoa upesi. Watu wa Zama za Mawe walikichonga kuwa visu na vyembe, na vipande vyake vimechimbuliwa hadi Mumba, karibu na Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania.

Ziwa Naivasha halina mto unaotoka, na bado maji yake si ya chumvi. Siri ni kwamba maji huvuja chini kwa chini, na sehemu yake huelekea kusini, upande uleule wa mto wa kale. Huko yapo mawe yenye joto kali, na ndiyo maana kuta za korongo hutiririsha chemchemi za maji moto na ardhi ya Olkaria hufuka mvuke. Ili kuutumia mvuke huo, visima vya majaribio vilichimbwa miaka ya 1950. Mwaka 1981 mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha megawati 15 za umeme, miaka mitatu kabla ya mbuga kutangazwa mwaka 1984. Mabomba ya mvuke, kwa hiyo, yalitangulia lango la tiketi, na leo yanapita katika malisho ya nyati.

Mto wenyewe nao hurudi, kwa dakika chache. Mvua ikinyesha kwenye miinuko, maji hukusanyika na kuingia korongoni kwa kishindo, hata kama juu ya vichwa vya watembezi jua linawaka. Mwaka 2012, na tena Septemba 2019, mafuriko ya ghafla yaliua watu humo. Basi msafiri asiliingie korongo kabla ya kumuuliza askari wa mbuga kama njia iko wazi, asiende bila kiongozi, na akiona wingu jeusi upande wowote wa vilima, apande juu mara moja, picha zitasubiri.