Chumba Chembamba cha Lamu na Waliolala Ndani Yake

Mtu wa rika langu akitaka chumba chake kidogo kionekane kikubwa hupewa mashauri yale yale: paka kuta rangi nyeupe, weka kioo kikubwa, inua kitanda upate nafasi chini yake, vitu vyako vipandishe ukutani uiache sakafu. Mashauri haya hutolewa kana kwamba yamebuniwa juzi huko Ulaya. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba waungwana wa pwani ya Afrika Mashariki waliyajua hayo yote katika karne ya 18 na ya 19. Kisha nitauliza walikuwa wakimpanulia nani chumba. Swali hili la pili ndilo lililonifanya niandike.

Tuanze na mti. Nyumba ya mawe ya Lamu huezekwa kwa boriti za mikoko zinazolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake huwekwa mawe na chokaa. Boriti haiwezi kubeba uzito huo ikiwa ndefu sana, kwa hiyo upana wa chumba huwa kati ya mita mbili na nusu na mita tatu tu. Tajiri angeweza kurefusha chumba chake apendavyo, lakini kukipanua hakuweza, hata angekuwa na majahazi kumi. Sisi wa Mununga, kwenye ufukwe wa mashariki wa ziwa Mweru, tunaielewa hesabu hii bila kufundishwa, maana hata nyumba zetu za matofali hupimwa kwanza kwa urefu wa miti ya paa iliyopatikana. Anayetaka nafasi zaidi huongeza chumba kingine. Kukitanua kile cha kwanza haiwezekani.

Mafundi wa Lamu walilijibu tatizo hilo kwa mpangilio. Ukitoka kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi kwa mbingu, unaingia msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha chumba kinachoitwa ndani. Vyumba hivi vimelala sambamba, kimoja nyuma ya kingine, na sakafu hupanda kidogo kila unapovuka. Msana wa tini uko wazi upande wa ua, na milango kati ya vyumba ni mipana, hivyo mtu aliyesimama uani huona chumba ndani ya chumba ndani ya chumba. Mwanga wote hutoka uani na hupungua kadiri unavyoendelea mbele. Vitanda viliwekwa kwenye ncha za msana, vikafunikwa kwa pazia, na sehemu ya katikati ikabaki tupu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo akili kubwa kuliko zote katika nyumba hizi: chumba chembamba hakiharibiki kitanda kikikaa mwisho wake, huharibika kitanda kikikaa katikati.

Halafu kuna zidaka. Katika nyumba kubwa za karne ya 18, ukuta wa ndani umechongwa safu juu ya safu za vijidirisha vipofu vilivyopambwa kwa chokaa, kutoka karibu na sakafu hadi karibu na dari. Ukuta wenyewe una unene wa karibu nusu mita, kwa hiyo kidaka huiba nafasi kutoka kwenye ukuta bila kula sakafu. Humo viliwekwa vyombo vya kaure vya Kichina, taa na misahafu. Chokaa nyeupe iliyosuguliwa ikang'aa hurudisha mwanga ule mdogo uliofika huko nyuma, na vivuli vya zidaka huufanya ukuta uonekane kama unaendelea mbele zaidi ya pale ulipo.

Hapa ndipo wataalamu wanapotofautiana. Wasanifu majengo huvisoma zidaka kwa macho: kina, mwanga, mapambo. Linda Donley-Reid, aliyezitafiti nyumba za Lamu katika miaka ya 1980, aliuliza kwa nini pambo zito kuliko yote liwe katika chumba cha nyuma ambacho wageni hawakukifikia. Jibu lake ni kwamba ndani ndimo wanawake walimojifungulia na ndimo maiti walimoogeshwa. Kilikuwa chumba cha hatari, na zidaka pamoja na kaure vilikuwa kinga yake. Sahani iliaminika kuweza kulipokea jicho baya ikapasuka badala ya mtu. Hoja hii inanishawishi, kwa sababu vidaka vingine viko juu mno kwa matumizi ya kila siku. Lakini sioni kwa nini tulazimike kuchagua. Mwanamke aliyekaa siku 40 za uzazi akiutazama ukuta ule alihitaji kinga, na alihitaji pia mahali pa kupumzisha macho.

Na hakukaa siku 40 tu. Mwanamke wa kiungwana aliishi katika utawa. Mumewe alikuwa na baraza, msikiti na bandari. Yeye alikuwa na ua, msana na ndani. Kwa hiyo tunaposema chumba kilifanywa kionekane kikubwa, tukumbuke kwamba kilifanywa hivyo kwa mtu ambaye hakuruhusiwa kutoka apendavyo. Sijui kama hilo ni upendo au ni kufuli lililopakwa chokaa.

Katika karne ya 19 mtindo uliendelea Unguja kwa mali nyingi zaidi. Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni na baadaye akaitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Anaeleza vyumba vyenye kuta nyeupe zilizogawanywa kwa matundu marefu yaliyojaa vioo na kaure, na kati yake vioo vya kujitazamia vilivyopanda karibu kufika darini, vilivyoagizwa Ulaya kwa kipimo cha ukuta wenyewe. Yaani shauri la kioo kikubwa lilikuwa limefika Unguja kabla babu za babu zetu hawajazaliwa.

Fedha ya vioo hivyo ilitoka wapi? Sehemu yake ilitoka kwetu. Mwaka 1867 Tippu Tip alimshinda Nsama, mtawala wa Watabwa kati ya ziwa Tanganyika na Mweru, akachukua pembe za ndovu na mateka. Mwezi Novemba mwaka huo huo David Livingstone alifika Mweru, na kwa Mwata Kazembe alimkuta Mohamad bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa ameishi huko miaka mingi. Hadi leo kuna kisiwa cha Kilwa ndani ya ziwa letu, na ng'ambo ya Kongo kuna mji wa Kilwa, majina yale yale ya bandari ya pwani. Pembe zilikwenda pwani mabegani mwa watu, na wengi wa watu hao hawakurudi.

Wale waliofika walikuta nyumba hizi tayari zina mahali pao. Huko Lamu orofa ya chini, isiyo na zidaka wala chokaa ya kung'aa, ilikuwa ya bidhaa na ya watumwa, na mikono iliyochoma matumbawe kuwa chokaa ilikuwa kwa sehemu kubwa mikono ya watumwa. Unguja kulikuwa na mpango mwingine tena. Bibi Salme anakieleza kitanda cha mwenye nacho: kirefu mno, hata mtu hukipanda kwa kiti au kwa kusaidiwa mkono. Nyumbani kwetu pia huinuliwa vitanda, kwa matofali manne, na chini yake huingia masanduku, magunia ya mihogo mikavu na nyavu zilizochakaa. Chini ya kitanda anachokieleza Bibi Salme, mara nyingi alilala yaya wa mtoto au mwuguzi wa mgonjwa.