Mwalimu wa dansi akiumia kwenye ukumbi wa mtu, nani analipa?

Moshi. Ukumbi ni wa hoteli, spika ni za hoteli, lakini wanafunzi wamemfuata mwalimu. Katikati ya darasa mwalimu anateleza, kifundo cha mguu kinavunjika, anakimbizwa Mawenzi au KCMC. Bili ni ya nani? Na wiki sita za kukaa nyumbani bila kufundisha, nani anazifidia?

Kwa mwalimu wa dansi, zumba au ngoma anayetumia jimu, ukumbi au studio ya mtu mwingine, jibu linatokana na makubaliano ya malipo. Tatizo ni kwamba makubaliano hayo mara nyingi huishia kwenye simu au ujumbe wa WhatsApp: "Njoo Jumanne na Alhamisi, tutaelewana."

Njia tatu za malipo

*Kukodi kwa saa.* Mwalimu analipa ukumbi, hela za wanafunzi zote ni zake.

*Kugawana.* Kila anayeingia analipa, kisha mwalimu na mwenye ukumbi wanagawana kwa asilimia.

*Kulipwa kwa kipindi.* Mwenye ukumbi anakusanya hela, mwalimu anapewa kiasi kilekile kwa kila darasa, waje wawili au ishirini.

Chukua mfano: kiingilio Sh3,000, kodi ya ukumbi Sh15,000 kwa saa, na mgao wa asilimia 60 kwa mwalimu.

• Wanafunzi 4: aliyekodi anapata hasara ya Sh3,000. Wa mgao anaondoka na Sh7,200.
• Wanafunzi 12: aliyekodi anabaki na Sh21,000, wa mgao Sh21,600. Karibu sawa.
• Wanafunzi 20: aliyekodi anabaki na Sh45,000, wa mgao Sh36,000.

Maana yake, kukodi kunamfaa mwenye darasa lililojaa, na mgao unamfaa anayeanza. Msimu nao unahesabika. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, mvua inawabakiza watu nyumbani na watalii wanapungua kwenye hoteli za Marangu na Machame. Mwalimu aliyesaini kodi ya mwaka mzima bila kuifikiria miezi hiyo ataijutia.

Mwajiriwa au mpangaji?

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mwenye ukumbi akisema "wewe si mfanyakazi wangu", maneno hayo peke yake hayamalizi kesi. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinaangalia hali halisi ya kazi, hata kama mkataba umepewa jina lingine.

Mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata moja kati ya mambo haya: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, anapangiwa saa, ni sehemu ya taasisi hiyo, amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kimapato, anapewa vifaa vya kazi, au hamfanyii mwingine yeyote.

Mwalimu anayepangiwa ratiba na jimu, anayevaa fulana ya jimu na kulipwa na jimu ana hoja. Anayekodi ukumbi saa mbili kwa wiki na kufundisha kwingine pia, hoja yake ni dhaifu.

Bima inafuata hapohapo

Mwajiriwa anatakiwa kuchangiwa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchango huo ni asilimia 0.5 ya mishahara na unalipwa na mwajiri peke yake; mfanyakazi hakatwi hata senti. Akiumia kazini, mfuko unahusika na matibabu na fidia ya ulemavu, na akifariki, wategemezi wanalipwa. Kwa upande wa NSSF, mchango ni asilimia 20, na kwa kawaida mwajiri na mfanyakazi hugawana nusu kwa nusu.

Aliyekodi ukumbi yuko peke yake. WCF haimhusu. Anachoweza kufanya ni kujiunga NSSF kwa hiari, kuwa na bima ya afya, na kukata bima ya ajali binafsi, ambayo hulipa kiasi kilichokubaliwa mtu akiumia. Gharama hizo ziingie kwenye bei ya darasa, la sivyo anajidanganya kwamba anapata faida.

Na mwanafunzi akiumia? Bima ya moto ya jengo haimsaidii. Inayotakiwa ni bima ya dhima kwa watu wengine. Kama mwenye ukumbi anayo, mwalimu aulize jambo moja: inahusu pia madarasa ya mwalimu wa nje? Bima yoyote inaweza kuhakikiwa kwa namba yake kwenye mfumo wa TIRA MIS wa mamlaka ya bima.

Somo kutoka mlimani

Moshi inajua habari za kazi ya leo kwa bosi huyu, kesho kwa mwingine. Wagumu wanaobeba mizigo Kilimanjaro wanaishi hivyo. Tangu 2003 mradi wa KPAP, wenye makao hapa mjini, umekuwa ukishinikiza malipo na matunzo yao yafuate viwango vinavyojulikana. Kazi isiyo ya kudumu nayo inaweza kuwa na masharti ya wazi.

Kabla ya darasa la kwanza, yaandikwe haya

• Kiasi au asilimia, na siku ya kulipwa
• Nani anahesabu wanaoingia
• Malipo darasa likiahirishwa au umeme ukikatika
• Nani anatengeneza sakafu na spika
• Bima ya mwalimu na ya wanafunzi ni ya nani
• Notisi ya siku ngapi kabla ya kuachana

Mwajiriwa asiyelipwa anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu. Asiye mwajiriwa anabaki na madai ya kawaida mahakamani, na huko karatasi iliyosainiwa inasaidia kuliko "tutaelewana".